Jumamosi, Sanamu ya Mama Maria Inaingia kwa Selpher

Saa nne asubuhi jua la Port Reitz, Mombasa, limeshaanza kuchoma. Nyuma ya hospitali, Selpher Adera anakung'uta shuka, anaibana kambani, anachukua nyingine. Kwa siku huanika zaidi ya mia. Mdomo nao haupumziki.

Upande wa pili wa kamba yuko mfuaji mwenzake, Kadzo, mlokole asiyeficha wokovu wake. Kadzo anamkumbusha amri inayokataza sanamu za kuchonga. Selpher anamwambia asifunge Biblia mapema; sura chache mbele, Mungu huyo huyo anamwagiza Musa atengeneze makerubi ya dhahabu. Anayedhani Wakatoliki hawasomi Biblia hajaanika nguo na mama huyu.

Kadzo anahamia kwa Maria. Mpatanishi ni mmoja, anasema, ya nini kumwomba mwingine?

"Mwanao alipolazwa mwezi wa sita, uliniambia, 'Mama Achieng, niombee,'" Selpher anajibu bila kuacha kazi. "Nikakuombea, na sikukaa kati yako na Yesu. Basi mimi wa kufua shuka niombwe, mama yake mwenyewe asiombwe?"

Kadzo anacheka, anaahidi kulijibu hilo kesho. Wamebishana hivi miaka minne na bado wanakula sahani moja.

Ubishi unaomuuma Selpher uko nyumbani, Changamwe. Oktoba ni mwezi wa rozari, na jumuiya yao hupitisha sanamu ya Bikira Maria nyumba hadi nyumba, kila nyumba usiku mmoja, na wanajumuiya huja hapo kusali. Zamu yake ni Jumamosi hii. Lakini mumewe, Phineas, mpakuaji mizigo bandarini Kipevu, aliokoka Januari mwaka huu wa 1989, akasema sanamu haitavuka mlango wake.

Walifunga ndoa kanisani miaka kumi iliyopita. Sasa Selpher huenda misa peke yake, na anakiri kwamba kuna siku amelia njiani.

Hakumpigia mumewe kelele. Jumapili iliyopita alimwuliza tu: mama yake Phineas akija kutoka Siaya, atamsimamisha nje kwa sababu mama huyo si Mungu?

"Mama yangu siwezi kumwacha nje," Phineas anatuambia jioni, vumbi la bandarini likiwa bado mabegani. "Kupiga magoti mbele ya udongo, hapo hanipati. Lakini wageni wa mke wangu ni wageni wangu. Viti nitakwenda kuazima mimi mwenyewe."

Selpher anatandika mezani kitambaa cheupe alichokitarizi. Hashangilii. Anajua sanamu itaondoka Jumapili asubuhi, na atakalomwomba Mama Maria usiku huo ni moja tu: amrudishie mwenzake wa kwenda misa.

"Kwenye benchi mimi hukaa pembeni, namwachia nafasi yake," anasema. "Kanisa likijaa, watu huniuliza kama pale pana mtu. Nawaambia pana mwenyewe, anakuja."