Mstari wa Kalamu kwenye Mguu wa Mume Wangu

Mume wangu alipoambiwa sukari yake imeanza kupanda, alinunua raba nyekundu kama za mwanafunzi wa sekondari. Tangu hapo hakuna asubuhi aliyokosa kukimbia kwenye bustani ya mtaa, hapa ughaibuni Lewisham. Nilimtania kwamba anatafuta mke mdogo, lakini nilijua anachokimbia. Baba yake alikatwa mguu kwa sukari kule Morogoro, akakalishwa kwenye kiti, na hakudumu.

Raba hizo hizo ndizo zilizomletea balaa. Zilimchubua kisigino, kidonda kikaingia uchafu, mguu ukavimba. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani upesi. Ulikuja kama zambarau iliyoiva, na joto. Nesi alimpa antibiotiki, akazungusha mstari wa kalamu pembeni ya uvimbe. Alisema uvimbe ukivuka mstari ule tukimbilie hospitali, na kwa sasa mguu upumzike.

Kupumzika ndiko kulikomshinda.

"Nikilala, sukari inapanda," alisema. "Nikiamka, mguu unavimba. Sasa nife kwa kipi?"

"Hufi kwa chochote. Weka mguu kwenye mto."

"Jasho linatoa ugonjwa, mama watoto."

Binti yetu, aliyezaliwa hapa hapa, alimweleza kwa Kiingereza chake kwamba jasho halitoi wadudu wa kidonda. Baba mtu akameza kidonge na uji wake, akatoka. Nikaficha zile raba kwenye kikapu cha nguo chafu. Akakimbia na viatu vya kanisani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kila asubuhi nilipiga magoti kuukagua mguu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, nimeona miguu ya kila namna, lakini huu ulinitia hofu kuliko yote. Na kila asubuhi uvimbe ulikuwa ndani ya mstari. Nikaanza kulala usingizi. Nilifikia hata kujiuliza kama labda yeye na jasho lake wako sahihi.

Jumapili, nikimpaka mafuta miguuni kabla ya ibada, nikaona kitu. Mstari wa nesi ulikuwa mweusi, mnene. Huu ulikuwa wa bluu, mwembamba, kama kalamu yetu ya jikoni. Chini yake, katikati kabisa ya uvimbe, palikuwa na kivuli cha mstari wa wino mweusi uliosuguliwa kwa sabuni.

Nilikasirika. "Unamdanganya nani?"

Akasema, "Kila siku unauangalia mguu wangu kama unaangalia maiti. Nilitaka uamke hata asubuhi moja ukiwa na raha."

Nilimvalisha ndala, tukaenda hospitali.

Walimlaza, wakamtundikia dripu. Nesi wa pale akatoa kalamu, akachora mstari mpya, karibu na goti. Nilingoja mume wangu aangalie umefika wapi. Hakuuangalia. Macho yake yalikuwa usoni kwangu, yakisoma humo kama mguu utabaki.

Nikatabasamu. Nilimwambia hali si mbaya, na hakuna daktari aliyekuwa ameniambia hivyo.