Kitufe Kilichotupandisha Mlima Kagunga

Siku niliyoshuka mlima wa Kagunga kwa makalio, mbele ya umati wa wakimbizi waliosubiri chanjo, sijawahi kuisimulia hata nyumbani kwetu Dodoma, ila ninyi mmeniuliza mbona siku hizi nabisha sana kazini, basi sikilizeni.

Ilikuwa miaka ile Warundi wanaingia kwa wingi, nami niko Kigoma mjini kwenye ofisi moja ya misaada, natunza programu ya ramani: unaiuliza zahanati gani iko karibu na watu fulani, inakuonyesha. Ilikubidi kwanza uchague kama mtakwenda kwa gari, boti au miguu, ndipo ipige hesabu. Bosi wetu (hasubiri hata chai ipoe) akachoka.

"Niwekee kitufe kimoja tu. Nabonyeza, napata jibu."

Jenifa, tuliyekuwa naye kazi moja, akakataa. "Hizo hatua ndizo zinamfanya mtu afikirie. Kitufe chako kitapima mstari ulionyooka, anavyoruka ndege, na bosi hatajua."

Nilijua anasema kweli, lakini nilitaka kusifiwa, nikakiweka (tena nikakipaka rangi ya kijani, mjinga mimi).

Haikupita wiki surua ikaingia Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa walikofikia wakimbizi, na boti yetu ya kwendea huko injini imekufa. Bosi akabonyeza, kitufe kikamwonyesha zahanati moja upande wa pili wa mlima, karibu kabisa, akaamuru chanjo ziende mpaka hapo kwa gari, kisha tutembee kidogo.

"Nenda na nesi," akaniambia, "ramani ni yako."

Hicho kidogo ni mlima mzima, maana Kagunga imebanwa kati yake na ziwa na gari halifiki. Tulipanda na Nesi Rehema, kila mtu na boksi lake la chanjo, jua linawaka, viatu vyangu vya ofisi vinateleza. Kwenye mteremko wa mwisho nikateleza, nikaburuzika na boksi kifuani mpaka chini, suruali ikachanika nyuma, watu wakacheka, nikacheka nao ili yaishe.

Nesi akafungua maboksi. Barafu yote ilikuwa maji ya uvuguvugu.

"Hizi hazifai tena," akasema. "Simchomi mtoto wa mtu."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja wa Kirundi, mtoto mgongoni anahema kwa homa, akaniuliza taratibu, "Sasa turudi lini, baba?"

Nikamjibu kesho, na sikuwa na hakika.

Kesho yake boti ya kukodi ilipeleka chanjo nyingine, watoto wakachanjwa. Nami kwenye kikao nikasema mbele ya wote kwamba kile kitufe ni kazi yangu, Jenifa alinikataza, na nimekiondoa. Bosi akaandika kitu, tukaendelea na ajenda nyingine.

Tangu hapo mtu akiniomba nimrahisishie jambo kwenye programu, namuuliza kwanza anataka kuacha kufikiria nini, na asiponijibu, siongezi kitu.