Sauti ya Muthoki Inaingia Nyumba za Watu Bila Yeye

Saa tatu asubuhi, Kitengela. Muthoki Ngui amesimama kando ya kituo cha mafuta kwenye barabara ya Namanga, mwavuli wa kijani mkononi, akisubiri wageni. Wageni wako hapo hapo karibu naye, na wanagombana juu yake.

Ni mume na mke kutoka Karatina, Bedan na Ann. Wamekuja kwa harusi, na leo wana siku moja ya kuutembea mji wasioujua. Ann anataka kutembea na mtu. Bedan anataka kutembea na simu.

"Tunalipa mtu wa nini?" Bedan anauliza. "Hii ziara ya kusikiliza kwa simu ni mia tatu pekee. Inatuambia kila kitu. Tukichoka tunapumzika, tukiona nyama tunakula. Hakuna mtu wa kutuharakisha."

"Na ukiwa na swali utauliza simu?" Ann anamjibu. "Mimi hapa sijui. Nataka mtu."

Muthoki anawasogelea, anawasalimu, kisha anamwomba Bedan atoe visikizi masikioni na kuongeza sauti ya simu. Bedan anaiongeza. Inatoka sauti changamfu ya mwanamke, yenye lafudhi ya Kikamba: "Sasa tukiwa hapa kwa petroli, angalia mkono wako wa kushoto..."

"...pale ng'ombe walikuwa wanakunywa maji, kabla mtu yeyote ajenge gorofa," Muthoki anamalizia, neno kwa neno, pamoja na simu.

Bedan anaitazama simu, kisha anamtazama mama aliye mbele yake.

"Hiyo ni mimi," Muthoki anasema. "Waliniiba."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tumezoea wezi wa kuku, wezi wa ploti na wezi wa kura. Mwizi wa koo la mtu ni mgeni kwetu, na pengine ndiyo maana hakuna aliyemkimbiza.

Muthoki, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, alizaliwa hapa baada ya baba yake, mzee Kiema, kutoka Machakos kuja kuchimba mawe. Kazi ya kuongoza wageni hakuisomea. Alikuwa akichoma mahindi kandokando ya barabara, na kwa kuwa mchoma mahindi haendi popote, kila mpotevu alimwuliza njia.

"Siku moja mama mmoja akaniambia mtoto wake amenunua ploti huku, na hata hajui kama hiyo ploti iko," anakumbuka akicheka. "Nikamwachia jirani mahindi, nikaenda na yeye mpaka tukaipata. Tukitembea nikamwonyesha hapa na pale. Aliporudi kwao akatuma dada zake."

Baadaye aliajiriwa na watu wa magari ya watalii kutoka Nairobi. Hakudumu. Anasema wageni walishushwa, wakapiga picha, wakapelekwa duka moja ambalo mmiliki wake aliwapa madereva kitu kidogo, wakapakiwa tena. Mgeni aliyeuliza swali aliambiwa muda umeisha.

"Hawakuona Kitengela. Waliona dirisha ya gari," anasema.

Akaanza safari zake mwenyewe, za miguu. Anawapitisha wageni sokoni, kwa wachoma nyama, kwa mafundi wa vyuma. Siku za mnada anawapandisha gari hadi Kajiado wakaone mbuzi wakiuzwa. Kundi moja, liwe la watu wawili au sita, hulipa shilingi elfu moja na mia tano. Kwa pesa hizo amelipia mabinti wawili karo ya sekondari.

Lakini kituo ambacho wageni walikisifu kuliko vyote ni nyumbani kwa Namunyak.

Namunyak ni mama mzee wa Kimaasai ambaye boma lake liko mahali nyumba za mawe zinapokomea na nyasi kuanza, upande wa kwenda Isinya. Majirani wake wote wameuza ardhi. Kwenye ukuta wa tangi lake la maji ameandikisha kwa rangi nyekundu: HII SHAMBA HAIUZWI. Kila asubuhi yeye huleta maziwa mjini, na Muthoki amekuwa mteja wake tangu enzi za mahindi.

"Mama yangu alipokufa, watu wa kanisa walikuja wiki moja wakaisha," Muthoki anasema. "Huyu aliendelea kuja. Anaweka maziwa, anakaa chini, hasemi kitu, anaenda. Hakuniitisha pesa mpaka mimi mwenyewe niliporudi kazi."

Ndipo ukaribu huo ukazaa kituo cha mwisho cha matembezi. Na kituo hicho kilikuwa na utaratibu wake, ambao Muthoki hakuuvunja hata mara moja.

Kwa Wamaasai nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayeijenga, na yeye ndiye anayeamua nani aingie. Kwa hiyo Muthoki na wageni wake husimama nje ya ua wa miiba. Anaita: "Yeiyo, takwenya!" Yeiyo ni mama, na takwenya ni salamu ya kumwamkia mwanamke. Kisha ananyamaza, na wageni wote wananyamaza.

Jibu la salamu hiyo, kwa Kimaasai, ni "Iko." Likija, watu wanaingia, wanakunywa chai, wanaonyeshwa jinsi nyumba inavyokandikwa. Lisipokuja, Muthoki huwageuza wageni na kuwarudisha mjini, hata kama wametoka Ulaya.

"Saa ingine anakamua. Saa ingine hataki tu kuonwa na watu," Muthoki anaeleza. "Hata wewe kuna siku hutaki kuonwa na watu."

Mwaka jana alikuja msichana mmoja wa Nairobi aitwaye Jackie. Alikuwa na adabu, alivaa viatu vya kutembea, na aliuliza maswali mazuri. Alirudi mara ya pili, na ya tatu. Kila mara alilipa.

"Akaniuliza, 'Aunty, naweza kurekodi? Nisisahau.' Nikamwambia rekodi, mama. Nilidhani ni mtoto anapenda masomo," Muthoki anasema, na hapo sauti inampanda. "Hata nilimpunguzia bei! Nilimpunguzia bei aniibie!"

Habari kwamba sauti yake inauzwa hakuipata kwa Jackie wala kwa mwajiri wa Jackie, kampuni ya Nairobi inayouza ziara za kusikiliza kwa simu. Aliipata kwa Namunyak, mbele ya watu, hapa hapa kituoni.

Mama huyo alifika bila maziwa, akiwa ameshika fimbo. Muthoki anayarudia maneno yake bila kuongeza wala kupunguza.

"Umeuza nyumba yangu," Namunyak alimwambia.

"Yeiyo, nimeuza nini?"

"Mimi nasikia sauti yako ndani ya nyumba yangu. Natoka kwa ng'ombe mbio, nasema, leo Muthoki ameingia bila kuita? Nafika, siko naona Muthoki. Naona wanaume wawili na simu. Mke ya kijana yangu iko kwa kitanda na mtoto mchanga, hana nguo ya juu, analia. Na simu inasema na sauti yako: 'Karibuni ndani, inamisheni kichwa.'"

Mmoja wa wanaume hao, Namunyak alisema, alikuwa ameinua simu ya pili kupiga picha.

Muthoki aliapa kwamba hajui lolote. Mama mzee alimtazama, akageuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo lango la boma limezibwa kwa tawi kubwa la miiba, na maziwa ya Namunyak yanauzwa kwa wengine.

Niliisikiliza rekodi hiyo nzima nikiwa na Muthoki, kwa simu yangu. Ilipofika bomani, anasikika akiita, "Yeiyo, takwenya!" na papo hapo, bila hata pumzi katikati, "Karibuni ndani, inamisheni kichwa." Kule kungoja kumekatwa. Hata lile "Iko" la Namunyak halimo. Anayesikiliza hawezi kujua kwamba kuna mtu anayepaswa kujibu.

Nilimpigia simu Gakuru, meneja wa kampuni hiyo ya Nairobi. Alikuwa mchangamfu hadi nilipotaja jina la Muthoki.

"Huyo mama alikubali kurekodiwa," alisema. "Tuko na sauti yake mwenyewe ikisema 'rekodi'."

Nilimwuliza kama Muthoki aliambiwa rekodi itauzwa.

"Wageni wa siku hizi wanataka uhuru. Hawataki kufuata mwavuli ya mtu kama watoto wa nasari. Sisi tunawapa uhuru."

Na wanaume walioingia bila hodi hadi penye kitanda cha mzazi?

"Hatukuongeza hata neno moja. Kijana wetu wa sauti alitoa tu zile sehemu hazina kitu. Mtu hawezi kulipa mia tatu asikilize kimya."

Sehemu hazina kitu! Mwenye nyumba alikuwa akiamua ndani ya kimya hicho kama atawafungulia au hatawafungulia, na kijana mmoja aliyeketi Nairobi na kompyuta yake akaona ni taka, akakifagia. Gakuru aliniahidi kwamba wataweka onyo kwenye toleo lijalo. Toleo hilo ni lini? "Tukipata bajeti," akasema, akakata simu.

Muthoki naye alipigiwa. Hakuombwa msamaha. Aliombwa arekodi safari nyingine, ya Kajiado mjini, safari hii kwa malipo.

"Nilimwambia aende arekodi mamake," anasema.

Wahenga walisema hasira hasara. Labda hawakuwahi kuuziwa sauti yao wenyewe. Zamani Muthoki alipata makundi manne au matano kwa wiki. Sasa akipata mawili anashukuru Mungu. Lakini anapozungumza, pesa hazimtoi machozi. Kinachomtoa machozi ni lile lango.

Ni rahisi kumdhania mwanamke huyu anataka kila mgeni ashikwe mkono. Nilimwuliza. Alikaribia kunipiga na mwavuli.

"Nani amesema hivyo? Mji si wangu. Tembea! Ingia soko, potea, kula matumbo, uliza watu. Mimi nikienda Mombasa natembea peke yangu. Lakini nyumba ya mtu si mji. Hapo huwezi kwenda peke yako na simu, kwa sababu simu haina haya."

Turudi kituoni. Ann ameshinda ubishi: wanamfuata Muthoki. Bedan amekubali shingo upande, kisikizi kimoja bado kikining'inia kifuani. Kabla ya kuanza, Muthoki anawaambia ukweli kwamba kituo cha mwisho huenda kisifunguke.

Sokoni Bedan anaanza kulegea. Anauliza bei ya mbuzi, anauliza kwa nini pundamilia wanavuka hadi kwenye ploti za watu, anauliza hata yale ambayo rekodi haikuyagusa. Muthoki anajibu, na asilolijua anawauliza wenye maduka. Jua linapokuwa la utosi, nyumba za mawe zinaisha na vumbi jeupe linageuka nyasi.

Lango limezibwa. Nyuma ya miiba kuna moshi mwembamba na mlio wa ndama.

"Tangu hiyo siku nimekuja hapa na kila kundi," Muthoki ananiambia kwa sauti ya chini. "Naita, hakuna kitu, narudi."

Anafunga mwavuli na kusogea hadi penye miiba.

"Yeiyo, takwenya!"

Kimya. Ann ameinamisha kichwa kama aliye kanisani. Bedan anabadilisha mguu wa kusimamia, anatazama saa, anatutazama sisi.

"Lakini si kuna watu ndani?" ananong'ona. "Si tusukume hiyo mti kidogo tu?"

Muthoki anamgeukia. Anamtazama tu, na Bedan anarudi nyuma mwenyewe. Tunaendelea kusimama juani. Ndama anaacha kulia. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumfariji mama huyu njiani kurudi.

Kisha sauti ya mwanamke mzee inatoka ndani, kavu, bila uso.

"Iko."

Muthoki anashika mdomo.

"Leo hapana," sauti inaendelea. "Mtoto amelala. Peleka watu yako."

"Sawa, Yeiyo!" Muthoki anaita, akitabasamu huku machozi yakimtiririka. "Sawa!"

Hatua chache mbele, Bedan anashindwa kuvumilia. Anasema ametembea asubuhi nzima kuja kufukuzwa.

"Hujafukuzwa, kijana yangu," Muthoki anamwambia. "Umejibiwa. Mimi nilikuwa sijibiwi."

Hajasamehe mtu Nairobi, wala hana mpango wa kusamehe. Wiki ijayo atakwenda kwa chifu na mke wa mwanawe Namunyak, kama mzazi huyo atakubali, waandikishe malalamiko pamoja. Kila asubuhi atasimama kituoni na kumwambia kila mgeni mwenye visikizi kwamba ile sauti ni yake na hakuitoa. Anataka ifutwe yote, si kuwekewa onyo.

"Na Jumamosi nitarudi hapa," anasema, akifungua mwavuli wake. "Sitaleta mgeni. Nitakuja mimi tu na chupa tupu, ya kununua maziwa yake kama zamani. Nitaita. Akisema hapana, ni nyumba yake."