Mwaka Wazazi Walipolima Shamba la Shule

Watu wa rika langu wakisimulia habari za shule huanza na viboko. Mimi huanza na pamba. Viboko nilivisahau zamani, lakini pamba ndiyo iliyoamua mambo yangu, na mpaka leo nikipita kandokando ya shamba lililopaliliwa vizuri najikuta nimekunja uso.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini. Nilisoma sekondari ya kutwa ya serikali, pale pale mjini Shinyanga, mwendo mfupi kutoka kwetu Kambarage. Siasa ya wakati ule ilikuwa kujitegemea: asubuhi darasani, mchana jembeni. Shule ilikuwa na shamba la pamba nyuma ya madarasa, na msimu wa mvua ukifika, baada ya chakula cha mchana tulitoka wote na majembe mabegani. Sina ugomvi na jembe. Mtoto gani wa Kisukuma atagombana na jembe? Ugomvi wangu ulikuwa na ratiba.

Mwalimu wa kemia alikuwa mmoja tu, kijana mwembamba aliyekuja kwetu moja kwa moja kutoka masomoni. Kwa kuwa walimu walikuwa wachache, asubuhi alifundisha hesabu shule nzima, na kemia ikasukumwa mchana. Na mchana ulikuwa wa shamba. Kwa hiyo kemia tuliiona kwenye karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani, tukapita.

Nami nilitaka uuguzi. Nisijifanye kwamba nilikuwa na wito. Bibi yangu alilazwa hospitali ya Kolandoto, nikawa nampelekea uji, na kule nikawaona wauguzi. Babu, ambaye nyumbani hakuna aliyethubutu kumkatiza maneno, aliambiwa na binti mdogo mwenye kofia nyeupe atoke nje mgonjwa afungwe kidonda, akatoka. Alitoka bila neno! Nikasema haya, hii ndiyo kazi yangu. Nikauliza, nikaambiwa vyuo vya afya vinataka baiolojia na kemia, na asiye na kemia asijisumbue hata kuomba. Kutoka shule yetu, tangu ianze, aliyeitwa chuo cha afya hakuwapo.

Nilimweleza mama. Mama alikuwa na darasa la nne, alilima nje ya mji na kuuza michembe sokoni, vile viazi vikavu ambavyo watoto wa mjini siku hizi wanavipita kama hawavioni. Hakuniuliza kemia ni nini. Aliuliza jambo moja tu: mwalimu wake yupo? Nikasema yupo. Akasema kama mwalimu yupo na watoto wapo, basi hapo kuna uvivu wa mtu.

Mvua zilipokaribia, nikiwa namaliza kidato cha pili, wazazi waliitwa mkutano. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa mikoa ya baridi, mpole, mwenye kaunda suti moja ya kijivu aliyoipiga pasi hadi ikawa inang'aa magotini. Alizungumza nidhamu, akazungumza madawati, akauliza kama kuna neno. Mama akasimama, akamwamkia kwa heshima zote.

"Ndugu mkuu wa shule, sisi tumewaleta hawa wasome. Kulima wanajua. Huyu wangu alijua kupalilia kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake."

Watu wakacheka. Mimi niliyekuwa nimesimama dirishani na wenzangu nilitamani ardhi ipasuke.

"Tunaomba mchana wasome," mama akaendelea. "Wasome hayo masomo ya kwenda vyuoni. Mwalimu yupo."

"Mama, hata mimi ningependa," mkuu akajibu, na naamini alisema kweli. "Lakini shamba la shule likilala, nitakayeulizwa ni mimi. Hutaulizwa wewe."

"Kwa hiyo shida ni shamba kulala?"

"Ndiyo."

"Basi halilali. Tutalima sisi."

Kelele zilizofuata zilikuwa za furaha. Wazazi waliokuwa wakisinzia wakaamka. Mambo ya vyuo walikuwa hawayajui, kemia hawakuijua, walikuja mkutanoni wakiwa wanyonge na kofia mikononi, na sasa ghafla ikatajwa kazi ambayo hakuna wa kuwafundisha. Mkuu aliwatazama, akatazama walimu wake, akasema haya, tujaribu.

Asiyewahi kuwaona Wasukuma wakilima kwa kikundi ataona natia chumvi. Hawalimi kama vibarua, kila mtu na huzuni yake. Wanajipanga mstari mmoja, kila mtu na tuta lake, ngoma nyuma, na manju, yaani yule mtunga nyimbo, anatembea mbele yao akiimba. Anaimba nani anakwenda na nani amebaki. Ukibaki nyuma unaimbwa, na wimbo ukinoga utaimbwa hata sokoni, utaitikiwa na watoto usiowajua. Hakuna mtu anayelipwa. Watu hula pamoja, hunywa pamoja, na kila mmoja anajua tuta lipi lilipinda na ni la nani. Hata wale wa mjini, karani wa posta, fundi baiskeli, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, walivua mashati wakaingia. Mama alikuwa akishika tuta la kwanza kulia, na sikumbuki siku aliyopitwa.

Sisi tulikuwa ndani. Mwalimu wetu alifungua chumba cha maabara, ambacho kilikuwa ghala la majembe, tukakifagia. Vifaa havikuwapo. Alikusanya vichupa vya sindano, akatumia koroboi badala ya jiko, akachemsha maua mekundu ya uzio wa shule akapata maji ya zambarau. Tulitia ndimu yakawa mekundu. Tulitia majivu yakageuka kijani. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka, mwalimu akaniambia nikae chini nisimwage. Ngoma ilikuwa ikisikika dirishani, na mara nyingine yeye mwenyewe alikuwa akiandika ubaoni kwa mapigo yake bila kujua, tukawa tunacheka chinichini.

Nilikuwa na furaha mwaka ule. Naisema wazi kwa sababu sikuipata tena ya namna ile. Nilijua ninachokitafuta, na kila mchana nilikisogelea.

Mtu mmoja tu aliona mbele. Alikuwa mwenye bucha, Msumbwa wa kutoka Ushirombo, baba wa msichana niliyekaa naye dawati moja. Wakati wa palizi ya pili alisimamisha jembe akasema, "Jamani, tulime kiasi. Shamba lisilale, basi, inatosha. Tukilipamba hivi, wakubwa wataona ni watoto wamelima, watasema hawa ndio wakulima wetu."

Wakamzomea. Manju hakusubiri, alimtungia wimbo pale pale, wa Msumbwa anayetafuta sababu za kwenda kukaa kivulini. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Akamwambia, "Shemeji, unataka nipite na jembe niache majani nyuma yangu? Mbele ya watu wote hawa?" Alimwita shemeji kwa utani tu. Yule bwana akacheka naye, akashika jembe, na kwa kuwa alishaimbwa, siku ile akalima kuliko wote.

Pamba ilipopasuka, watu walitoka barabarani kuja kuitazama. Mimi si mtu wa kusifia mashamba, lakini ile ilikuwa pamba. Shamba zima lilikuwa jeupe, huoni jani la magugu. Mashamba ya shule nyingine yalikuwa kama yalivyo mashamba ya wanafunzi siku zote, nusu pamba nusu nyasi. Habari zikafika mkoani, na mgeni mkubwa wa elimu akaja.

Tulipangwa mistari uwanjani. Wazazi walikaa upande wa pili, wamevaa vizuri, maana waliambiwa anakuja kuona kazi yao. Mgeni alizungushwa shambani, akarudi anatikisa kichwa kwa mshangao. Akapanda jukwaani akatusifu sisi. Alisema vijana hawa wamewaonyesha wenzao maana ya kujitegemea. Nilimtazama mkuu wa shule. Alikuwa akitazama viatu vyake. Kama angesimama aseme ni wazazi, angeulizwa wanafunzi walikuwa wapi, na hilo hakuwa tayari kulijibu.

Mgeni akasema mkoa umeamua shule hii iwe ya mchepuo wa kilimo. Shamba litaongezwa mpaka kule bondeni, na atakuja mwalimu aliyesomea kilimo. Wazazi walisikia "shamba litaongezwa" wakasikia sifa. Mama alikuwa wa kwanza kusimama. Alipiga vigelegele vikavuka uwanja mzima, na wanawake wengine wakampokea, na ngoma ikalia. Mwenye bucha hakupiga makofi. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa amesimama nyuma ya mstari wetu. Niligeuka kumtazama, akaniambia taratibu, "Watanihamisha mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nafasi ya mwalimu ilikuwa moja tu. Mwalimu wa kilimo akaja, wa kemia akapelekwa shule ya mchepuo wa sayansi mkoa mwingine. Siku ya kuondoka alituachia vile vichupa. Mwalimu mpya alivitumia kuwekea mbegu.

Wazazi walipoelewa, walifunga safari. Mama, mwenye bucha na wengine kadhaa walikwenda kwa mkuu wa shule. Mama alirudi akanisimulia. Mkuu alikuwa amewakaribisha viti, akawasikiliza, kisha akasema, "Mama, mlisema shamba halitalala. Halikulala. Sasa mimi niende mkoani nikaseme nini?" Wakaenda mkoani wenyewe. Huko walipokelewa kwa heshima kubwa, wakapewa chai. Waliambiwa shule yao ni mfano, na kwamba shule nyingine zitaletwa kuja kujifunza. Walipoeleza kwamba waliolima ni wao, maofisa wote wakacheka, wakasema wazazi wa siku hizi wanapenda kusifiwa. Loo! Mama alisema angetukanwa ingekuwa nafuu.

Nimalize kabisa habari ya chuo. Mwaka uliofuata nilifanya mtihani wa kidato cha nne bila kemia. Kilimo nilipata alama ya juu kuliko wote shuleni. Chuo cha uuguzi hakikuniita, wala hakikumwita binti wa mwenye bucha, wala mtu yeyote kutoka kwetu. Niliajiriwa kiwanda cha kuchambua pamba, nikakaa huko miaka mingi, na sikuwa na shida ya kula. Watu wakiniuliza kama nilitaka kazi nyingine huwa nawaambia kila mtu alitaka kazi nyingine.

Lakini kabla ya mtihani ule kulikuwa na msimu mmoja zaidi. Shamba sasa lilikuwa kubwa mno kwa wazazi peke yao, na mkuu akaturudisha wanafunzi jembeni kila mchana. Nilidhani wazazi wangesusa. Hawakususa. Waliogopa shamba likiharibika tungefukuzwa shule, au mkuu angepata sababu ya kuwalaumu wao, na pia, nasema kweli, hawakuweza kulipita shamba lililoota majani wakaenda zao. Ngoma ikaja, manju akaja, tukajipanga wote mstari mmoja, wakubwa kwa wadogo.

Tuta langu lilikuwa kando ya la mama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo laini, na yeye alikuwa akienda kwa kasi yake ya siku zote. Tulipofika katikati alisimama akashika mpini wa jembe langu.

"Nenda darasani. Nitalima yote mawili."

"Nikafanye nini? Mwalimu hayupo."

"Nenda usome hata peke yako."

"Mama, kitabu hakipo. Hata chumba kina mbegu."

Aliachia mpini. Hakuwa mtu wa kulia, na hakulia. Wenzetu walikuwa wameshatupita hatua kadhaa na manju alikuwa ameanza kutugeukia.

"Mwaka jana tungelima vibaya," akasema, "leo ungekuwa unasoma."

"Ungeweza kulima vibaya, mama?"

Aliutazama mstari wa watu uliotutangulia. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakuwahi kuulizwa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nisingeweza."

Akainama. Akawafikia wenzake, akawapita, na mimi nikabaki nyuma na tuta langu.