Masikio ya Baba na Mashine ya Mjomba

Nyumbani walimwita Kiguu na Njia tangu utotoni, kwa sababu hakujua kutulia. Chai aliinywa amesimama, simu aliipokea akizunguka chumba, na hata kwenye kliniki ya masikio alikokuwa muuguzi, wagonjwa walisikia viatu vyake koridoni kabla hawajamwona uso. Lakini tangu ajiunge na chuo kusomea shahada ya uzamili, kuhangaika kwake kulipita kiasi. Alitakiwa kuandika andiko la utafiti atakaoufanya, na andiko hilo lilikuwa likimnyima usingizi.

Si kwamba hakujua la kuandika. Alilijua mno. Baba yake alikuwa amesaga unga kwenye mashine ya mjomba, kaka wa mama yake, tangu ujanani hadi mvi zilipomwingia, na sasa alikuwa hasikii neno mpaka apigiwe kelele. Wajukuu wakicheka, naye hucheka, kisha huuliza kwa siri wamesema nini. Kiguu na Njia akimwona hivyo roho ilimuuma, na lawama zote alimtupia mjomba. Kwenye harusi ya kaka yake alisimama akamwambia mjomba mbele za watu kwamba yeye ndiye aliyemfanya baba kiziwi. Mama alilia. Baba hakusikia ugomvi wenyewe, aliendelea kula. Tangu siku hiyo mjomba na mpwa hawakusalimiana.

Kwa hiyo andiko lilimtoka kama maji. Kichwa chake kilisema: "Jinsi Mashine za Kusaga Nafaka Zinavyoharibu Masikio ya Wafanyakazi." Msimamizi wake, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alilisoma mbele yake, kalamu mkononi, asiandike kitu. Hilo lilimtisha kuliko wino mwekundu.

"Kaa," alisema msimamizi.

"Nimezoea kusimama, mwalimu."

"Haya. Unamshtaki nani?"

"Simshtaki mtu."

"Mwanangu, hii ni hati ya mashtaka. Hukumu umeshaiandika kwenye kichwa, sasa unatafuta mashahidi. Unasema utawapima wasagaji wanaolalamika kwamba hawasikii. Na wasiolalamika?"

"Hao hawana tatizo."

"Basi hao ndio ninaowataka. Na watu wa umri uleule ambao hawajawahi kusogelea mashine wako wapi? Masikio hupungua nguvu kwa uzee. Wengine wameurithi uziwi kwenye ukoo wao. Utatenganishaje?" Akamrudishia karatasi. "Nenda ufikirie jambo moja tu. Ukipata matokeo gani utakubali kwamba ulikosea?"

Kiguu na Njia alitoka amefura. Alitembea mpaka kwao badala ya kupanda gari, akibishana na msimamizi njia nzima, midomo ikicheza, watu wakimpisha. Wiki hiyo alibadilisha maneno hapa na pale, "jinsi" likawa "je", akarudi nalo.

"Umelibadilisha shati," alisema msimamizi, "mtu ni yuleyule."

Alibaki na njia moja: kuanza na mtu aliyemjua. Alimkuta baba uani akianika nguo, akamsogelea sikioni.

"Baba, masikio yalianza kukusumbua lini?"

"Eh?"

"Masikio! Yalianza lini?"

Jirani alichungulia juu ya ukuta. Baba alibana shati kwenye kamba, akafikiri.

"Zamani. Shuleni mwalimu alinihamishia dawati la mbele. Na marehemu babu yako, sisi tulikuwa tukimwita kwa kumgusa bega."

"Kabla ya mashine?"

"Kabla, ndiyo. Mashine iliongeza? Huenda. Sijui mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe huwa unapita tu, mwanangu," alisema baba bila ubaya wowote. "Anayepita mtu atamwambia nini?"

Usiniulize alijisikiaje. Hasira aliyoilea miaka yote ilikosa pa kwenda, ikabaki inamzunguka kifuani kama nzi chumbani. Kesho yake kliniki, akiwaza ukoo wake, alimwomba mwenzake ampime masikio. Alivaa vidude vya masikioni, akabonyeza kitufe kila aliposikia mlio, na baadaye kila alipodhani kasikia.

"Yako mazima," alisema mwenzake.

"Rudia."

"Shoga, mazima!"

"Rudia tu, tafadhali."

Yalikuwa mazima. Hata hivyo siku nzima aligeuka kila sauti iliposikika, kuhakikisha.

Alianza andiko upya, na safari hii aliandika polepole, akifuta zaidi ya alichobakiza. Akawaongeza wazee wa umri uleule waliofanya kazi za kimya. Akaongeza maswali kuhusu ukoo. Akataja asichoweza kukijua kwa utafiti mmoja mdogo. Lakini mashine yenye wasagaji wengi wa muda mrefu ilikuwa moja tu mtaani, na mwenyewe alikuwa mjomba.

Alimkuta mlangoni, kope nyeupe kwa unga.

"Shikamoo, mjomba."

Kimya. Akajua ananuniwa, akageuka kuondoka. Mjomba akashtuka kumwona, akageuza kichwa, akamtegea sikio la kulia.

"Umekuja kunitukana tena?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na ruhusa ya kuwapima watu wako."

"Ukikuta ni mashine yangu?"

"Nitaandika."

"Na ukikuta siyo?"

"Nitaandika vilevile."

Mjomba alijipangusa mikono. "Basi nianzie mimi. Hili la kushoto siku hizi linanigomea."

Haikuwa imempitia akilini hata mara moja kwamba mjomba naye amekuwa akisimama ndani ya kelele zilezile.

Mbele ya jopo la chuo linalopitisha maandiko, mmoja wa walimu alimuuliza kama ana undugu na mwenye mashine. Alikuwa ameliandika wazi: mwenye mashine ni mjomba wake, msagaji wa zamani ni baba yake, kwa hiyo vipimo vyote vitafanywa na mtu mwingine asiyejua nani ni msagaji na nani siyo. Jopo likanong'ona. Likapitisha andiko kwa marekebisho madogo. Msimamizi alimtazama tu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Alimpigia mama simu huku akizunguka uwanja wa chuo.

"Limepita!"

"Alhamdulillahi. Sasa niambie, mwanangu. Unaomba awe na kosa kaka yangu, au unaomba uziwi uwe wa ukoo, nawe ukufuate?"

Alizunguka uwanja mzima, simu sikioni.

"Sijui, mama."

"Haya. Ukijua, mwambie na baba yako. Kwa sauti."