Vidonge vya Presha vya Dada Yangu

Hivi majuzi, katika jarida la wafamasia ambalo bado naletewa nyumbani, nilisoma kuhusu haidralazini. Ni dawa ya presha, ya zamani sana. Sasa watafiti wanaijaribu kwa wagonjwa wa saratani. Wanasema seli ya saratani hunyamazisha jeni zinazozuia uvimbe, na huenda dawa hii ikaziamsha bila kugusa maandishi ya jeni zenyewe. Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Kisha nilimlilia dada yangu, miaka mingi baada ya kumzika.

Mimi nilianza kwa kufagia duka la dawa la Mhindi mmoja mjini Nakuru. Nikasoma kwa posta, nikaenda Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya sabini nikarudi na diploma ya ufamasia. Kwetu Ndabibi hakuna aliyekuwa amefika huko. Sijigambi, nasema tu nilichokifanya. Lakini karo yangu ya shule ilitoka mikononi mwa dada, aliyekamua ng'ombe wa mzungu tangu mimi nikiwa sijui kuvaa suruali.

Jumapili moja nilimtembelea nikiendesha gari langu la kwanza. Nilimkuta uani na majirani, wakipukuchua mahindi. Alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye leso, akameza kidonge. Nilikitambua kwa rangi: haidralazini.

"Dada, hiyo umepewa na nani?"

"Ni za mama mkwe, za presha. Nikimeza naona mwili unatulia."

"Kwani una presha?"

"Hapana. Ni hili tumbo langu la chini."

Nilicheka kwa sauti. "Dawa ya presha kwa tumbo! Si umeze basi na ya kuogeshea ng'ombe!"

Wanawake wakaangua kicheko. Jirani mmoja akasema, "Mwacheni daktari aseme. Huyu amekanyaga theluji ya Ulaya."

Nilifurahi. Nikasimama pale na tai yangu, nikawaeleza kazi ya kila dawa, na kwamba kila moja ina ugonjwa wake mmoja tu. Nikachukua vile vidonge nikavitupa chooni. Dada hakubisha. Siku zote alikuwa akiniita mtoto wa mama. Siku hiyo alisema, "Sawa, daktari. Wewe ndiye umesoma."

Niliuliza habari za dawa, sikuuliza habari za ugonjwa. Kwetu ndugu wa kiume hamuulizi dada yake mambo ya chini ya kitovu. Lakini mimi nilikuwa mtu wa dawa, na kuuliza ilikuwa kazi yangu.

Miezi kadhaa baadaye yule jirani alikuja kwenye duka langu la dawa mjini. Alingoja wateja waishe.

"Dada yako anavuja damu," alisema. "Tangu hata kabla ya ile siku ya mahindi. Ametukataza tukwambie. Anasema utamcheka."

Nilimpeleka hospitali, na kutoka hapo Nairobi. Daktari alisema ni saratani ya mlango wa uzazi, na ilikuwa imeshafika kwenye kibofu. Angekuja mapema, alisema, wangejaribu kuichoma kwa mionzi.

Juzi nilimsomea rafiki yangu lile jarida, akaniambia, "Kumbe dada yako alikuwa sawa." Hapana. Vidonge vichache vya kuazima visingemponya. Hata hao watafiti wanaitumia dawa hiyo pamoja na dawa nyingine na matibabu ya kawaida, na bado hawajasema kwamba inaponya. Najua hayo yote vizuri kuliko rafiki yangu. Hayanifariji. Kidonge kile ndicho kilichomfanya ataje tumbo lake mbele yangu, na jibu langu likamfunga mdomo.

Wodini nilimuuliza kwa nini alinificha. Alikuwa amekonda, bangili ikimpanda hadi kiwiko.

"Siku ile ulikuwa umefurahi sana," alisema. "Watu wote walikuwa wanakuangalia. Niliona nisikuharibie."

Alifariki kabla ya mvua ya masika. Karani wa hospitali alinipa karatasi ya kuchukulia mwili. Nikatia sahihi, na chini yake, kwa mazoea, mkono wangu ukaandika "Mfamasia, mwenye diploma." Karani aliisoma, akaniangalia, akaigonga muhuri.