Sensa ya Pikapu

Juzi Kililana nilimsikia fundi akisema sensa ya lori, kile kifaa cha kupima mwenendo wa injini, imekufa, nikacheka peke yangu. Utotoni nilijua sensa ya kuhesabu watu tu. Alasiri moja wakati huo tulikuwa tukimkimbiza mama yangu, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, kwenye boti ya Mtangawanda apelekwe hospitali, pikapu ya baba ikazimika tukitoka Siyu. Fundi tuliyemwita kutoka Siyu alichomeka mashine yake ya kupimia gari, akasema, “Ni sensa.” Nilidhani tumezidi, nikashuka upesi tupungue.

Kila alipofuta hitilafu kwa mashine ile, taa ya injini iliwaka tena.

“Bwana, watengeneza gari ama wazima taa?” baba alifoka.

“Iwateni hiyo taa!” mama akapiga kelele. “Niitieni mkunga!”

Mdogo wangu alizaliwa humo humo garini, baba angali akigombana na fundi.